Kuwasomea wenye dimenshia: tuanze na karatasi

Mhariri,

Wanaoanzisha vikundi vya kusoma pamoja na watu wenye dimenshia, yaani kudhoofika kwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, huhangaika kuchagua shairi, karatasi wakaisahau. Kila mtu apewe nakala yake: herufi za pointi 16 hadi 18, wino mweusi, upande mmoja tu. Ukichapa pande mbili, kila mnapogeuza kuna watakaopotea. Karatasi inayong'aa nayo hurudisha mwanga wa taa machoni. Miwani na vifaa vya kusikia vikaguliwe kabla ya kuketi, na televisheni izimwe.

Watu sita hadi wanane wanatosha. Msomaji asome kwa sauti, polepole, beti tatu au nne, kisha anyamaze. Kimya hicho humtisha msomaji mgeni, akaanza kujijibu mwenyewe. Aliyekuwa akitafuta neno ndiyo kanyang'anywa nafasi. Halafu asome tena. Shairi lenye vina hufaa kuliko hadithi ndefu, maana hadithi humdai mtu akumbuke ukurasa uliopita. Vitabu vya chekechea, jamani, viacheni chekechea.

Swali baya kuliko yote ni "Unakumbuka?" Huo ni mtihani. Uliza, "Mstari huu unauonaje?" Akijibu jambo jingine kabisa, lifuateni hilo hilo. Anayerudia neno moja tu, au kugonga mapigo mezani kwa kidole, naye anashiriki.

Kikao kisizidi saa moja, na kiwe asubuhi ikiwezekana; jioni wengi wao huchanganyikiwa zaidi.

Wasomaji wa kujitolea