Pimeni ghorofa za River Road kabla ya kuzibomoa

Mhariri,

Mimi ni mwashi, na riziki yangu naipata kwa kukarabati majengo ya zamani kati ya River Road na Ngara, hapa Nairobi. Ghorofa hizo zinaisha moja baada ya nyingine, na inaniuma kwamba hakuna anayeziweka kwenye kumbukumbu.

Soko la kwanza la Wahindi hapa Nairobi lilichomwa 1902 kwa sababu ya tauni, miaka 3 tu baada ya reli kufika. Miongo iliyofuata ilileta majengo ya mawe: duka chini, familia juu, ngazi ya mbao, ua nyuma wenye bomba la maji la wote. Inua macho juu ya mabango ya maduka, utaona baadhi ya majengo yamechongwa mwaka wa kujengwa.

Kuta nyingi ninazozishika zimeunganishwa kwa chokaa, nayo chokaa ndiyo uhai wake. Maji ya mvua yakiingia ukutani hutoka tena kupitia viungo. Ziba viungo hivyo kwa saruji, unyevu utakwama ndani na jiwe litaanza kubanduka tabaka kwa tabaka. Mwenye jengo mmoja alikataa katakata chokaa, akataka saruji kwa kuwa inakauka upesi. Misimu michache ya mvua baadaye akasema jengo limeoza, livunjwe. Halikuwa limeoza! Wengine wanatoboa kuta zinazobeba uzito ili wapate vibanda vya eksibisheni, yaani vijiduka vilivyobanana ndani ya jengo moja, jambo la hatari kwa kila anayeingia humo.

Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa 1931, ina sheria yake ya Bunge ya kuilinda. Sawa kabisa. Lakini hata nyumba walimolala washonaji na makarani ni historia ya jiji hili, na Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya 2006 inamruhusu Waziri kuyalinda majengo kupitia Gazeti la Serikali.

Naiomba Kaunti isitoe kibali cha kubomoa kabla jengo halijapigwa picha, vyumba kupimwa, na wapangaji wa miaka mingi kuulizwa waliishije humo. Vigae vya Mangalore, vile vya udongo vya mtindo wa mji huo wa India, vyenye muhuri wa kiwanda mgongoni, vihifadhiwe vitumike kukarabati paa nyingine. Na chuo chochote cha ufundi kikileta vijana, nitawafundisha kuchanganya chokaa bila malipo.

Mwashi,
Ngara, Nairobi