Waasisi wa Marekani waliiogopa demokrasia

Mhariri,

Nafundisha historia, na huniuma kila nisomapo kwamba waasisi wa Marekani waliunda serikali ya watu wote. Sivyo. Kwa John Locke, mwanafalsafa Mwingereza, walichukua wazo kwamba serikali hupata uhalali kwa ridhaa ya wanaotawaliwa. Thomas Jefferson, mmoja wa waasisi hao, akaliweka katika Azimio la Uhuru, 1776. Kwa Montesquieu, mwanafalsafa Mfaransa, wakachukua mgawanyo wa madaraka, kila mhimili uuchunge mwingine.

Lakini demokrasia ya moja kwa moja, ambapo raia wenyewe hupigia kura sheria, kama ile ya Athene ya kale, waliiogopa. James Madison, mwasisi mwingine, alihofu kwamba walio wengi, wakipandwa na jazba, watawakandamiza wachache, ndiyo maana akatetea jamhuri ya wawakilishi. Hadi 1913 maseneta walichaguliwa na mabunge ya majimbo, si wananchi! Tena Katiba ya 1787 ilimhesabu mtumwa kuwa sehemu tatu kati ya tano za mtu katika kugawa viti vya Baraza la Wawakilishi, naye kura hana. Huyo Jefferson mwenyewe alimiliki watumwa.

Naomba waandishi wenu wayaandike na haya. Wanafunzi wangu husoma gazeti hili na huliamini.

Mwalimu wa historia