Kwa wamama wa likelemba yetu, chama chetu cha kuchangiana pesa kwa zamu, Majengo, Goma

Wanangu,

Juzi kwenye mkutano nilisikia mkisema kwamba mtoto akiumwa koo, kwanza afunguliwe kinywa kwa kijiko mumtazame ndani. Mara nyingi haidhuru. Lakini yuko mtoto mmoja ambaye kijiko hicho kinaweza kumuua, na kwa ajili yake ninaandika.

Mtamtambua. Homa imepanda kwa saa chache tu, wala hakohoi sana. Hataki kulala, anakaa ameinama mbele, kidevu amekitokeza, mate yanamchuruzika kwa kuwa kumeza kunamuuma. Sauti imezibika, na akivuta hewa mnasikia mkwaruzo. Kile kifuniko kidogo kinachofunga njia ya hewa tunapomeza chakula kimevimba kwa bakteria. Koo la mtoto ni jembamba: ukimlaza kwa nguvu, ukimtia kijiko, ukimliza, linaweza kuziba kabisa. Basi mwacheni akae atakavyo mapajani mwa mama yake, msimnyweshe kitu, aitwe motari, mwenye pikipiki ya kubeba abiria, mwende hospitali yenye oksijeni. Msipitie farmasi kununua amoksilini. Na wale wanaokata watoto kilimi msiwapelekee mtoto kamwe. Mnawajua, nami nawajua.

Kuna mwingine anayedanganya zaidi. Alianza na mafua na kikohozi cha kubweka kama mbwa, mkadhani ni baridi ya kawaida, kisha ghafla homa ikapanda sana na pumzi ikaanza kupiga kelele. Huyo ana usaha mzito kwenye bomba la hewa. Naye ni wa hospitali, usiku huohuo.

Ule ugonjwa wa kwanza zamani uliletwa hasa na bakteria iitwayo Hib. Kinga yake imo katika sindano ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14, pamoja na kinga ya dondakoo na kifaduro. Najua wengi wenu mlikimbia vita na karatasi za chanjo zikapotea. Nendeni kituo cha afya hivyohivyo, mueleze.

Sasa pesa, maana hapo ndipo tunapochelewa: mama anamsubiri baba arudi ndipo pikipiki ilipwe. Kila zamu ya likelemba, kabla hamjampa mwenye zamu, toeni kidogo kikae kwa mama ambaye simu yake haizimwi usiku. Anayebisha hodi na mtoto mgongoni apewe bila maswali; hesabu mtafanya asubuhi. Jumapili mniambie mmemchagua nani.

Mama yenu mzee