Tairi likiliwa upande, pima kabla ya kununua jingine

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuseme na wenye magari wa Moshi na Arusha. Wengi wakiona tairi la mbele limebaki kipara ukingoni, hukimbilia kununua jingine, mara nyingi la mtumba, wakalifunga palepale. Miezi michache baadaye nalo limekwisha vilevile. Tairi halina kosa. Alaimenti, yaani mwelekeo wa magurudumu, ndiyo iliyokwenda upande.

Chukua kosa la milimita 3 tu, yaani matairi mawili ya mbele yamekaribiana kwa mbele kuliko kwa nyuma yake kwa kiasi hicho. Kwa tairi la kipenyo cha sentimita 60, kila moja linasuguliwa kiubavu mita mbili na nusu katika kila kilomita. Kutoka Arusha hadi Moshi, kilomita 80 hivi, ni mita 200 za kuburuzwa kwenye lami! Pitisha kiganja juu ya kashata za tairi, yaani vipande vya mpira vinavyogusa lami: kikiteleza ukielekea ndani na kukwaruzwa ukirudi nje, matairi yamebana mbele. Kinyume chake, yamepanuka.

Kupima kunawezekana nyumbani, kwenye sakafu ya saruji iliyo sawa, kwa jeki, stendi, chaki, msumari na tepu. Anza na upepo, kama kibandiko cha mlango wa dereva kinavyoagiza. Kisha wekea matairi ya nyuma mawe, inua mbele, kalisha gari juu ya stendi na utikise kila gurudumu kwa mikono miwili. Likicheza kulia na kushoto, shuku tairodi, yaani fimbo inayounganisha usukani na gurudumu; likicheza juu na chini, shuku beringi au boljointi, kiungo cha duara kinachoshikilia gurudumu. Hapo usipime chochote mpaka kilichochoka kibadilishwe. Kurekebisha alaimenti juu ya tairodi iliyolegea ni kazi bure. Matuta ya Boma Ng'ombe tu yanatosha kuiharibu tena.

Gurudumu likiwa bado juu, paka chaki katikati ya tairi, ulizungushe huku msumari umeegemezwa imara kwenye tofali, uchore mstari mwembamba. Shusha gari, lisukume mbele mita chache, usukani umenyooka. Usilirudishe nyuma hata kidogo: nafasi ndogo zilizomo kwenye viungo huhamia upande wa pili na kipimo kinadanganya. Weka alama juu ya kila mstari, kwa mbele, usawa wa kati ya gurudumu, upime umbali kati ya alama hizo. Sukuma gari mbele mpaka alama zilezile zifike nyuma, kimo kilekile, upime tena; tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo kiasi cha kubana au kupanuka. Injini ikizuia tepu, shuka chini kidogo, mradi kimo kisibadilike. Kutumia alama zilezile kunafuta kosa la rimu iliyopinda, na kwa mashimo ya baada ya masika rimu za namna hiyo si haba.

Gari ndogo nyingi hutaka kati ya sifuri na milimita 2 za kubana mbele, ila kitabu cha gari ndicho mwamuzi.

Kurekebisha, legeza loknati (nati ya kufungia) ya tairodi endi, yaani ncha ya tairodi, na klipu ya mpira unaofunika reki ya usukani. Usipoilegeza klipu, mpira unajisokota na kuchanika. Zungusha tairodi ya kulia na ya kushoto kwa kiasi sawa, la sivyo usukani utakaa kombo. Robo mzunguko wa upande mmoja hubadili takriban milimita moja na nusu hadi mbili, kwa hiyo nenda kidogo kidogo. Hapa ndipo wengi wanapokosea: tairodi zikiwa nyuma ya ekseli, kuzirefusha kunabana matairi mbele, zikiwa mbele ya ekseli, kunayapanua. Kaza loknati, sukuma gari, pima upya.

Gari likivuta kushoto kidogo usiharakishe kulaumu alaimenti, maana barabara zetu zimeinamishwa upande huo ili maji ya mvua yatoke. Kama linavuta hata ukiwa katikati ya barabara tupu iliyo sawa, au tairi limeinama ndani au nje, tepu haitoshi. Peleka kwenye mashine, na kabla ya kulipa dai karatasi yenye vipimo vya kabla na baada.

Mafundi wa gereji,
Majengo, Moshi