Barua ya wazi kwa Mstahiki Meya wa Jiji la Dar es Salaam: chagua wa kuiga kwa kutazama ulicho nacho mkononi

Mstahiki Meya,

Salaam nyingi. Kila anayeshika kiti chako hutajiwa majina ya mameya wakubwa wa dunia na kuambiwa Dar es Salaam nayo ifanane na miji yao. Wanaotajwa karibu wote ni wale waliojenga. Sisi tunaoshughulika na mipango miji tunaona ushauri huo unaanzia mwisho. Kwanza tazama una nini mkononi, ndipo uchague wa kuiga.

Mkononi huna mengi kama jina la kiti linavyosikika. Tangu Halmashauri ya Jiji ya zamani ilipovunjwa Februari 2021, Jiji la Dar es Salaam kisheria ni ile iliyokuwa Manispaa ya Ilala. Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni wana mameya wao. Barabara za mitaa ziko TARURA, wakala wa serikali kuu, tangu 2017. Maji ni DAWASA, daladala ni LATRA, mwendokasi ni DART. Kodi ya majengo imekuwa ikikatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, tangu 2021. Mtendaji mkuu ni Mkurugenzi, ambaye huteuliwa na Rais, na wewe umechaguliwa na madiwani wenzako. Kilichobaki ni uenyekiti wa Baraza, Kamati ya Fedha na Utawala, sheria ndogo, masoko, taka, leseni, na ile mikopo ya asilimia 10 ya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Na unayo sauti: ukisema, watu wanasikiliza.

Sasa tukupeleke Bogotá, mji mkuu wa Colombia, kwa sababu mabasi ya mwendokasi yanayopita Jangwani yaliigwa kwa sehemu kubwa kutoka huko. Bogotá ndipo mahali pazuri pa kuwalinganisha mameya, maana watatu waliochaguliwa kwa kufuatana walikuwa na tabia tatu tofauti kabisa na kila mmoja alisimama juu ya kazi ya aliyemtangulia.

Wa kwanza, Jaime Castro, hatajwi na watalii. Alikuwa meya 1992 hadi 1994, mwanasheria, mtu wa makabati na majalada. Alikuta jiji limefilisika na madiwani wanagawana vyeo katika mashirika ya jiji. Mwaka 1993 ilitoka sheria mama ya Bogotá iliyotenganisha kazi za meya na kazi za baraza, ikawaondoa madiwani kwenye bodi za mashirika, na kuruhusu mwenye nyumba ajitathmini mwenyewe thamani ya jengo lake na kulipa kodi kwa thamani hiyo. Mapato yakapanda. Castro akaondoka bila kupendwa, kwa kuwa aliowatoza kodi hawakuona bado kitu kilichojengwa. Lakini waliomfuata walitumia fedha zake.

Wa pili ni Antanas Mockus, mwalimu wa hisabati na falsafa, aliyeongoza 1995 hadi 1997 na tena 2001 hadi 2003. Huyu ndiye tunayekuomba umsome kwa makini. Trafiki wa Bogotá walikuwa wamezoea rushwa, naye akakivunja kikosi hicho chenye watu karibu 2,000. Kwenye vivuko vya pundamilia akaweka wasanii wa maigizo bubu, waliopakwa nyuso rangi nyeupe. Dereva akisimamisha gari juu ya kivuko, msanii alimwonyesha kwa ishara mbele ya abiria na wapita njia, bila faini na bila neno. Walianza kama 20, wakafika mia kadhaa. Jiji likagawa kadi 350,000 zenye dole gumba, upande mmoja la kusifu na upande mwingine la kukemea, ili wananchi waonyane wenyewe. Mahali alipogongwa na kufa mtembea kwa miguu, nyota ilichorwa barabarani.

Wengi husimulia hayo kama vituko na kuishia hapo. Kilichofanya yakafaulu ni kwamba msanii bubu hahongeki, kwa sababu hana faini ya kukuandikia. Adhabu ilihama kutoka mfukoni ikaenda kwenye aibu, na nyuma ya aibu hiyo palikuwa na takwimu. Ofisi ya Mockus ilifuatilia vifo kwa kumbukumbu za madaktari wa uchunguzi wa maiti, pamoja na za polisi, na ilipoona ulevi umejaa kwenye vifo vya usiku, ikaamuru baa zifungwe saa 7 usiku. Mwaka 1997 handaki la maji liliporomoka na mji ukakabiliwa na mgao. Mockus alijitokeza kwenye televisheni akioga na kufunga bomba wakati wa kujipaka sabuni; matumizi yakashuka kwa asilimia 14 ndani ya miezi miwili, na baadaye zaidi. Mwaka 2002 aliwaomba wenye uwezo waongeze asilimia 10 kwenye kodi kwa hiari, na watu wapatao 63,000 walilipa.

Mwaka 1993 Bogotá ilikuwa na mauaji 80 kwa kila watu 100,000. Mwaka 2003 yalikuwa kama 22. Vifo vya barabarani vilishuka kutoka takriban 1,300 kwa mwaka hadi karibu 600. Sifa hizo si zake peke yake; polisi nao walibadilishwa, na meya aliyekaa katikati ya vipindi vyake alifanya yake. Kosa lake ni kwamba muhula wa kwanza aliuacha kabla haujaisha ili agombee urais, na mazoea ya raia yakiachwa bila mtu wa kuyapima hurudi nyuma upesi.

Huyo wa katikati ni Enrique Peñalosa, 1998 hadi 2000, akarudi tena 2016 hadi 2019. Yeye ni mjenzi. Aliingia na michoro tayari na hakusubiri mtu. Magari yalikuwa yakiegeshwa juu ya njia za watembea kwa miguu, akapanga nguzo fupi ili yasiweze kupanda. Wenye maduka walikasirika wakaanza kukusanya sahihi za kumwondoa, wakashindwa. Alianzisha mamia ya kilomita za njia za baiskeli, akajenga na kukarabati mamia ya viwanja vya wazi, akaanzisha maktaba kubwa katika maeneo ya watu wa kawaida, na Desemba 2000 mabasi ya TransMilenio yakaanza kukimbia katika njia zake. Kazi hiyo yote aliifanya kwa miaka mitatu, kwa fedha ambazo sehemu yake ilitokana na hisa za shirika la umeme la jiji zilizouzwa 1997, kabla hajaingia.

Wafanyabiashara wadogo walimlipia gharama. Uwanja wa San Victorino, uliokuwa umejaa vibanda, alisafisha kwa amri. Miaka michache baadaye, 2003, Mahakama ya Katiba ya Colombia iliamua kwamba mamlaka ya jiji haiwezi kumwondoa mchuuzi aliyevumiliwa kwa muda mrefu bila kumtafutia njia nyingine ya kweli ya kujipatia riziki. Hapo tunakuomba utulie kidogo, Mstahiki, kwa sababu wamachinga wa Kariakoo na Karume wako chini ya sheria ndogo zako. Jengo la Machinga Complex lilikaa miaka mingi na vizimba vitupu, na sababu inajulikana: mteja wa machinga ni mpita njia, hapandi ghorofa kufuata soksi.

Kwa hiyo kabla ya kuhamisha hata meza moja, mwagize afisa biashara ahesabu miguu. Watu wawili wenye kaunta ya mkono wakae eneo la sasa na eneo jipya, saa 12 hadi saa 3 asubuhi na saa 10 hadi saa 1 jioni, siku ya kazi na Jumamosi. Eneo jipya likiwa na chini ya nusu ya wapita njia wa eneo la zamani, wachuuzi watarudi barabarani ndani ya wiki chache na mgambo watakuwa wanafukuzana nao tena. Choo, maji, taa na kituo cha daladala viwepo siku ya kuhamia. Ahadi ya kuvileta baadaye haimsaidii mtu anayeuza leo ili ale leo. Pale ambapo barabara inaruhusu wabaki, pigeni rangi mstari mmoja chini: meza zisizidi upana wa mita 1.2 nyuma ya mstari, na mita 2 zibaki wazi kwa mwenye kiti cha magurudumu na mama mwenye mtoto.

Turudi Bogotá kwa jambo moja la mwisho, lililo zito kuliko yote. Mockus aliporudi 2001 alikuta mabasi ya mtu waliyetofautiana naye kwa tabia na mtazamo. Aliyaendeleza. Maktaba zikafunguliwa, awamu ya pili ya mabasi ikaanza kujengwa. Baadaye akaja Samuel Moreno, 2008, na mikataba ya awamu ya tatu ikageuka kuwa njia ya kugawana fedha. Mei 2011 alisimamishwa, baadaye akafungwa, na barabara ya Calle 26 ikabaki mashimo kwa muda mrefu. Mfumo uliosifiwa duniani ulianza kujaza watu kupita kiasi kwa sababu upanuzi ulikwama. Peñalosa aliporudi 2016, wananchi walimpokea kwa hasira ya msongamano.

Sisi nasi tumeyaona yanayofanana. Awamu ya kwanza ya mwendokasi, kilomita 20.9, ilianza Mei 2016 na mabasi 140 wakati mpango ulitaka 305. Karakana ikajengwa Jangwani, penye mkondo wa Mto Msimbazi, na masika ya mafuriko mabasi yakawa yanaogelea. Barabara ya Mbagala ilikamilika ikakaa ikisubiri mabasi. Zege lilitangulia. Mikataba ya uendeshaji ikachelewa.

Curitiba, Brazil, ndiko mabasi ya aina hiyo yalikoanzia, 1974, chini ya Jaime Lerner. Lerner alikuwa mbunifu majengo, na vipindi vyake viwili vya kwanza aliteuliwa, hakuchaguliwa, kwa hiyo haraka yake usiiige bila kufikiri. La kwake linalokufaa ni taka. Katika mitaa ambayo lori haliwezi kupita, jiji liliweka kituo cha kubadilishana: mkazi alete kilo 4 za taka zinazorejelezeka, apewe kilo 1 ya matunda na mboga zilizonunuliwa kutoka kwa wakulima wa karibu. Fikiria Vingunguti, Buguruni kwa Mnyamani na Kiwalani. Mkandarasi anakusanya ada nyumba kwa nyumba, asiyelipa anarukwa, aliyerukwa anasubiri mvua na kumwaga mtaroni, mtaro unaziba na maji yanaingia ndani kwa aliyelipa na asiyelipa. Kituo cha namna hiyo karibu na soko, chenye mizani na siku moja maalumu kwa wiki, kinaweza kuanza kwa mitaa mitatu kabla hamjatangaza chochote cha jiji zima. Soko la Buguruni lina mboga zinazoharibika kila jioni. Anzeni na hizo.

London tuipitie haraka. Ken Livingstone alianzisha tozo ya magari kuingia katikati ya jiji Februari 2003, pauni 5 kwa siku, akijua inaweza kumwangusha. Hakuanguka. Boris Johnson alimfuata, akaondoa nyongeza ya upande wa magharibi, na akazindua baiskeli za kukodi zilizokuwa zimetangazwa na mtangulizi wake; watu wakaziita kwa jina la Johnson. Daraja la bustani alilolipigania yeye lilimeza zaidi ya pauni milioni 40 za umma na halikujengwa hata nguzo moja. Jina lako likibandikwa kwenye kazi ya mwenzako, au lake kwenye yako, abiria hadhuriki. Anadhurika kazi inapoachwa.

Na Freetown, Sierra Leone, mji ulio karibu nasi kwa hali. Yvonne Aki-Sawyerr, aliyechaguliwa 2018, alikuta daftari la majengo halina nusu ya nyumba. Timu yake ilitumia picha za satelaiti, ikapeleka vijana mitaani kuhesabu vitu vinavyoonekana kwa nje kama ukubwa, paa na kuta, na kila kitu kikapewa alama. Jumla ya alama ndiyo iliyotoa kodi. Wenye majumba makubwa wakapanda, wenye vibanda wakapungua. Serikali kuu ikasimamisha ukusanyaji kwa muda. Wewe kodi hiyo huna, lakini daftari unaweza kulitengeneza, maana maafisa watendaji wa mitaa ni wako. Siku utakapokwenda TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa, kudai kwamba nyumba kubwa ya Upanga na ile ya vyumba viwili ya Chanika zisilingane katika makato, utakuwa na nyumba zilizohesabiwa, mtaa kwa mtaa.

Tunaloliomba ni hili. Kwenye kikao kijacho cha robo mwaka cha Baraza, lete ajenda ya ukurasa mmoja kwa kila kata: tani za taka zilizofika Pugu Kinyamwezi, au idadi ya safari za malori siku mizani ikiharibika, jina la mkandarasi na siku zake za kupita, makusanyo ya kila soko, mikopo ya asilimia 10 iliyotoka na iliyorejeshwa. Ukurasa huo ubandikwe ofisi ya kila mtaa kabla ya madiwani kuketi, ili diwani aulizwe na watu wake kwanza. Waite mameya wenzako wanne mkae juu ya Bonde la Msimbazi, maana taka za Ubungo na Kinondoni zinateremkia mto uleule na za kwenu. Na mwagize Mkurugenzi afungue jalada la makabidhiano sasa hivi, wakati kipindi bado kirefu: kila mradi usiokamilika, mkataba wake, kilicholipwa, kinachodaiwa, na jina la ofisa anayeujua. Meya ajaye alikute.

Tuko tayari kukaa na wataalamu wako kuandaa fomu ya ukurasa huo na kuijaribu kwenye kata tatu, Vingunguti, Kariakoo na Chanika, bila malipo.

Wako katika ujenzi wa jiji,

Sisi wadau wa mipango miji, Dar es Salaam