Malalamiko kuhusu malipo manne tusiyoyajua kwenye kadi yetu ya Visa

Lubumbashi, 24 Machi 2025

Kwa Bwana Mkurugenzi wa Ajansi
Huduma ya kadi na malipo
Lubumbashi

Bwana Mkurugenzi,

Kwa heshima zote tunawaandikia kuhusu kadi ya Visa ya dola iliyo kwenye akaunti ya duka letu la vipuri vya magari. Namba nzima ya kadi hatuiandiki humu, wala zile tarakimu tatu za nyuma, maana barua hupita mikono mingi. Tarakimu nne za mwisho ziko kwenye releve (taarifa ya akaunti) tuliyoambatisha, nazo zinawatosha.

Kwenye releve hiyo kuna malipo manne ambayo si yetu. Tarehe 4 Machi, saa nane na dakika 14 usiku, ilikatwa dola 1.00. Usiku wa tarehe 5 zilikatwa dola 49.99 mara mbili, ndani ya dakika saba. Tarehe 7 zikakatwa dola 187.40. Yote yalifanyika kwa intaneti, kwa muuzaji mmoja aliye nje ya nchi, ambaye jina lake halimo katika fakture yetu hata moja. Jumla ni dola 288.38, na juu yake benki yenu imekata komisyo ya dola 1.50 kwa kila malipo, yaani dola 6.00.

Mistari tuliyoitilia shaka mwanzoni ilikuwa sita. Mmoja ulikuwa na jina geni kabisa, lakini kiasi chake, dola 12.90, kililingana senti kwa senti na risiti tuliyopewa tulipolipia tovuti yetu: releve mara nyingi huandika jina la kampuni lililosajiliwa, au la yule anayepokea malipo kwa niaba ya muuzaji, na si jina ambalo mteja amelizoea. Wa pili ulitoka hoteli ya Ndola. Fedha zilikuwa zimezuiwa tu kama dhamana, hazijakatwa, na baada ya siku chache zikaachiliwa. Hiyo miwili tumeifuta wenyewe. Minne iliyobaki haina risiti, haina barua pepe, haina oda, na watu wawili wanaoruhusiwa kutumia kadi hii wametia sahihi kwamba hawakuitumia.

Mfanyakazi wenu wa gishe alituambia kwamba dola moja si kitu cha kufungulia faili. Hapo alikosea, na kosa hilo ni kubwa. Mwizi aliyepata namba nyingi za kadi hajui zipi bado zinafanya kazi, kwa hiyo huzijaribu kwa kiasi kidogo ambacho mwenye kadi hatakitazama mara mbili. Ikipita, anarudi na kiasi kikubwa. Mstari ule wa dola moja ndio uliotoa onyo. Kama SMS yenu ingefika usiku uleule, kadi ingefungwa kabla ya tarehe 5 na hasara ingeishia dola moja. SMS zote nne zilitufikia pamoja asubuhi ya tarehe 8. Saa hiyohiyo tulipiga simu, na kadi ikafungwa. Tunalipia huduma ya SMS kila mwezi. Tunaomba mtueleze zilikwama wapi.

Kilichotuudhi zaidi ni jibu tulilopewa mara mbili: «Muandikieni muuzaji kwanza, halafu mngoje mwezi mmoja.» Ushauri huo unafaa pale mteja alipoagiza kitu kisifike, au aliposahau kukatisha uanachama wa kila mwezi. Mtu ambaye hatukununua kitu kwake hana akaunti yetu wala oda yetu. Kumwandikia ni kumpa habari zaidi kuhusu sisi. Na mwenye kadi hana mlango wa kuingia Visa moja kwa moja: pingamizi, yaani dai la kurudishiwa malipo, hufunguliwa na benki iliyotoa kadi, dhidi ya benki ya muuzaji. Benki hiyo ni ninyi.

Tena muda unakimbia. Kwa malipo ambayo mwenye kadi hakuyaidhinisha, Visa inaipa benki siku 120 tangu malipo yaliposhughulikiwa. Malipo ya tarehe 7 Machi yatafikia ukomo tarehe 5 Julai, na yale ya mwanzo yatatangulia. Kila mwezi wa «ngojeni» unakatwa kwenye siku hizo. Zikiisha, hata mteja mwenye haki hana pa kushika.

Pia hakuna msimbo wa uthibitisho uliofika kwenye simu yetu kwa malipo yoyote kati ya hayo. Tafadhali tazameni kwenye mfumo wenu kama muuzaji aliomba uthibitisho huo. Kama hakuuomba, kwa kawaida hasara ya wizi wa intaneti humwangukia muuzaji na benki yake, na ninyi mna kila sababu ya kushinda. Kama mfumo unaonyesha uliombwa na ukapita, tuonyesheni msimbo ulitumwa namba gani na saa ngapi.

Kuhusu kadi mpya, mliyotutoza dola 15: kubadilisha namba pekee hakutoshi. Kuna huduma inayowapelekea wauzaji namba mpya ili malipo ya kila mwezi yasikatike. Kama benki yenu imejiunga nayo, muuzaji huyu anaweza kuipata kadi mpya bila kuiba mara ya pili. Tunaomba mumzuie kwa jina.

Kwa hiyo tunataka faili ya pingamizi ifunguliwe kwa malipo yote manne, pamoja na lile la dola moja, na tupewe barua ya kupokelewa yenye tarehe na namba ya faili. Tupeni pia namba ya kumbukumbu ya kila muamala, ile ya tarakimu 23, ili tuweze kufuatilia. Tunadai kurudishiwa dola 288.38, komisyo ya dola 6.00 na dola 15 za kadi, jumla dola 309.38. Fakture zetu mbili za vipuri zimekwama kwa sababu ya fedha hizo.

Tunangoja jibu la maandishi ndani ya siku 15. Likikosekana, tutapeleka nakala ya faili hii kwa Benki Kuu ya Kongo hapa Lubumbashi, tukitaja Sheria namba 18/019 ya tarehe 9 Julai 2018 kuhusu mifumo ya malipo.

Pokeeni, Bwana Mkurugenzi, salamu zetu za heshima.

Idara ya uhasibu
Duka la vipuri vya magari, komini ya Kampemba

Viambatisho: releve ya Machi yenye mistari minne iliyotiwa alama, picha za SMS zikionyesha saa zilipofika, tamko la watumiaji wawili wa kadi, risiti ya dola 15.