Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama wa chama chetu cha kuchunguza vimelea, asalaam alaykum na hamjambo nyote.

Vikao vya kamati sita, mafunzo ya darubini mawili, ziara ya Kwale moja. Mlikuwepo, au angalau picha mliziona, kwa hiyo sitarudia.

Nije kwenye zile kadi za kuhifadhia DNA ya vimelea vya kichocho. Nimesikia manung'uniko kwamba pesa za futari ziliishia kwenye "karatasi za waridi". Kweli, Sh 42,000 zilihamishwa kununua kadi hizo, kwa kura ya kamati, na kumbukumbu anazo katibu. Lakini mlitaka tufanyeje? Kimelea cha kichocho cha mkojo cha binadamu, Schistosoma haematobium, huzaana na S. bovis ya ng'ombe. Machotara wao wamethibitishwa Senegal, na mlipuko wa kisiwa cha Corsica, Ufaransa, mwaka 2013, ulikuwa wao. Yai la chotara laweza kufanana kabisa na la haematobium, darubini isikuambie kitu. Tena mitokondria, vijisehemu vya seli vyenye DNA yake, hurithiwa kwa mama tu: ukisoma cox1, jeni ya humo, pasipo ITS, kipande cha DNA cha kwenye kiini, chotara utamhesabu wa upande mmoja. Ndiyo sababu nilishikilia zote mbili zisomwe, na formalini, dawa ya kuhifadhia sampuli, nikaikataa. Hiyo huifunga DNA na protini na kuikatakata, PCR, kipimo cha kunakili DNA, ikatoka tupu.

Kazi yenyewe si ngumu. Mkojo uchukuliwe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, mayai yanapokuwa mengi. Yaanguliwe kwenye maji ya chupa, penye mwanga. Maji ya mfereji yana klorini, vibuu hufa. Kila kibuu kivutwe peke yake kwa mikrolita 3 za maji, kidondoshwe kwenye kadi. Kadi hugeuka nyeupe pale tone lilipoangukia. Ikaushwe, ndipo iingie mfukoni pamoja na silika jeli. Na hapa ni Mombasa, jamani, unyevu hauna huruma: kadi 11 ziliota ukungu kwa kuwa silika jeli ilitolewa ikapelekwa kukausha kamera ya mtu. Namjua, naye anajijua.

Wanachama tuko 58. Ada ya Sh 2,000 wamelipa 23. Akidi ni 30. Mkutano wa Mei walikuja 17, tukangoja chai ikapoa. Wanaoililia futari wengi wao hawajalipa hata shilingi.

Mwakani, Mungu akijalia, tutazame tegu za buchani, na pengine tupate friji yetu. Futari nayo tutaijadili, ada zikiingia.

Mwenyekiti